Kufanana na Kuafikiana: Historia ya Madaraja ya Waenda kwa Miguu katika Bustani na Hifadhi za Asili, 1858–2005

Utangulizi

Mwaka 1875, katika kasri la Chazelet lililoko katikati ya Ufaransa, Joseph Monier alikamilisha daraja dogo la kuvukia handaki la maji lililoizunguka nyumba ya mwenye kasri. Lilikuwa na urefu wa takribani mita 14 na upana wa mita 4 na ushei. Monier hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunza bustani ambaye miaka minane kabla ya hapo alipata hataza ya vyungu vya miche vilivyotengenezwa kwa saruji iliyotiwa fito za chuma. Anayelitazama daraja lake kwa mbali huona magogo na matawi, kana kwamba seremala wa kijijini aliyakata msituni asubuhi na kuyafunga jioni. Hakuna mti ndani yake. Daraja lote ni saruji na chuma, na wanahistoria wa uhandisi hulihesabu kuwa daraja la kwanza duniani kujengwa kwa zege la nondo. Nyenzo ambayo katika karne iliyofuata ilijenga mabwawa, bandari na miji mizima, katika kazi ya madaraja ilianza ikiwa imejivika sura ya mti.

Makala haya yanaanzia Chazelet kwa sababu daraja hilo linaweka bayana utata ambao fasihi ya usanifu wa bustani imeupita haraka. Kwa zaidi ya miaka 150 wasanifu wametakiwa kuyalinganisha madaraja ya waenda kwa miguu na mandhari ya asili. Takwa hilo limebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni kufanana: daraja lichukue rangi, umbo na nyenzo za mahali, ili jicho lisikwaruzwe. Maana ya pili ni kuafikiana: daraja liupe mto nafasi ya kutanda, likubali kwamba mbao huoza na mwamba huporomoka, na mahali pabaki na desturi zake baada ya daraja kuwapo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maana ya kwanza ndiyo iliyofundishwa, ikaandikiwa miongozo na kugharimiwa na serikali, ilhali maana ya pili ilijifunzwa kwa hasara, na mara nyingi ilijifunzwa mahali pale pale ambapo ya kwanza ilikuwa imefanikiwa sana.

Uchunguzi umejifunga katika bustani na hifadhi chache za Marekani, Ufaransa na Uswisi. Madaraja ya Bonde la Yosemite, yaliyojengwa kwa ajili ya magari, yamejumuishwa kwa makusudi, kwa kuwa yalisanifiwa kwa kanuni zile zile za mandhari, na kwa kuwa ndiyo yaliyoileta mezani mgogoro ambao madaraja madogo yaliuficha kwa udogo wao.

Bustani iliyotengenezwa na daraja lililonyenyekea

Shindano la usanifu wa Central Park, New York, lilitangazwa mwaka 1857. Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, kwa mpango walioupa jina la Greensward. Eneo lenyewe halikuwa msitu. Lilikuwa na vinamasi, miamba iliyochomoza ardhini, bustani ndogo za mboga na makazi ya watu, yakiwamo ya Seneca Village, kijiji ambacho wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi, baadhi yao wakimiliki viwanja vyao kisheria. Wote waliondolewa kufikia mwaka huo wa 1857. Baada ya hapo ziwa lilichimbwa palipokuwa na kinamasi, udongo uliletwa kwa mikokoteni, miti ilipandwa kwa maelfu. Madaraja yaliyotakiwa yasiiharibu asili yalijengwa, basi, ndani ya asili iliyokuwa ingali inatengenezwa. Ukweli huu husahaulika kila mara bustani hiyo inapotajwa kama kielelezo cha usanifu unaoiheshimu ardhi kama ilivyokutwa.

Wingi wa madaraja ulitokana na uamuzi mmoja wa mpango. Olmsted na Vaux walizitenganisha njia za magari ya farasi, za wapanda farasi na za waenda kwa miguu, na wakazizamisha barabara nne za kukatiza mji chini ya usawa wa bustani. Njia mbili zilipokutana, moja ilipita juu ya nyingine. Madaraja na matao zaidi ya 30 yalihitajika katika kipindi kifupi, mengi yakisanifiwa na Vaux, akisaidiwa na Jacob Wrey Mould katika mapambo. Vaux alishikilia kwamba katika bustani asili hutangulia na jengo hufuata nyuma, tena kwa mbali. Hata hivyo hakuyafanya madaraja yake yafanane na miamba wala miti. Bow Bridge, lililokamilika mwaka 1862, ni la chuma cha kusubu na limejaa nakshi za duara. Baadhi ya makamishna wa bustani walikuwa wametaka daraja la kuning'inia kwa nyaya katika ziwa; walichopewa ni daraja lililoinama chini karibu na maji, lenye mpindo mpole kama upinde uliolazwa. Unyenyekevu wake umo katika kimo na mkao. Halijifichi, wala haliyazuii macho kwenda ng'ambo.

Katika sehemu zilizokusudiwa kuonekana za mwituni zaidi, hasa ile iitwayo Ramble, njia ilikuwa nyingine. Hapo vilijengwa vivuko vya magogo yasiyobanduliwa magome, vyenye vishikio vya matawi yaliyopindapinda. Vilipendeza, na vilikufa mapema. Gome likiachwa juu ya gogo hushika unyevu kati yake na mti, kuvu huingia, wadudu hufuata, na ndani ya miaka michache kiungo kilichobeba uzito hubaki ganda tupu. Vivuko hivyo vilihitaji kujengwa upya tena na tena. Daraja la mwaloni mweupe alilolisanifu Vaux mwaka 1860 katika ghuba ya Bank Rock lilichakaa kiasi kwamba katika karne ya 20 nafasi yake ilichukuliwa na kivuko cha kawaida kisicho na mapambo. Sura yake ya awali ilirejeshwa mwaka 2009 tu, baada ya vizazi kadhaa kutoijua.

Gapstow ni mfano ulio wazi zaidi. Daraja la kwanza la jina hilo, lililojengwa mwaka 1874, lilikuwa la mbao. Mwaka 1896, yaani baada ya miaka 22, liliondolewa na mahali pake pakajengwa tao la mawe ya shisti, mwamba ule ule unaochomoza kila mahali katika kisiwa cha Manhattan. Siku hizi tao hilo limefunikwa na mimea itambaayo, na mgeni hana namna ya kujua kwamba si la tangu mwanzo. Kwa kipimo cha kufanana, mbao na jiwe vyote vilifaulu. Kilichovitofautisha ni maji, baridi na uzito wa miguu, na vipimo hivyo havikuandikwa katika mpango wowote wa mandhari.

Saruji iliyovaa gome

Wakati Bow Bridge lilipokuwa jipya, mji wa Paris ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya chini ya Georges-Eugène Haussmann. Mkuu wa kazi za bustani, mhandisi Adolphe Alphand, alikabidhiwa kaskazini-mashariki mwa mji eneo la machimbo ya jasi yaliyochoka, mahali palipokuwa pakitupwa taka. Kuanzia 1864 eneo hilo lenye hekta 25 hivi liligeuzwa kuwa bustani ya Buttes-Chaumont, iliyofunguliwa mwaka 1867 sambamba na maonesho makubwa ya dunia. Katikati ya ziwa la kuchimbwa uliachwa mwamba mrefu wa kisiwa, na madaraja mawili yakaufikia: moja fupi la mawe lililo juu sana, na jingine la kuning'inia lenye urefu unaozidi mita 60, linalohesabiwa miongoni mwa kazi za Gustave Eiffel.

Alphand hakuona haya kuhusu ubandia wa kazi yake, na katika kitabu chake kikubwa, Les Promenades de Paris, mashine, mabomba na mikato ya ardhi huchorwa kwa fahari ile ile ya miti na maua. Maporomoko ya maji yalisukumwa kwa pampu. Pango lilining'inizwa mawe ya chokaa yaliyofinyangwa. Ngazi na vishikio vya njia vilijengwa kwa saruji iliyochongwa kabla ya kukauka ili ionekane kama magogo, ikiwa na vifundo, nyufa za gome na hata alama za shoka. Mafundi wa kazi hii walikuwa na ustadi wa hali ya juu, na haifai kuwadharau kwa sababu tu ladha ya karne ya 20 iliwageuka. Walitatua tatizo lile lililoishinda Ramble: walitoa sura ya gogo bila kuoza kwa gogo.

Monier alitoka katika ulimwengu huo wa bustani, na daraja la Chazelet ni mahali ambapo pambo liligeuka kuwa mfupa. Magogo ya Buttes-Chaumont kwa sehemu kubwa yalijibeba yenyewe tu. Sasa saruji yenye chuma ndani ilibeba watu juu ya maji. Hata hivyo vazi lilibaki. Haishangazi: mwaka 1875 hapakuwa na mtu aliyejua daraja la zege la nondo lifanane na nini. Nyenzo mpya isiyo na sura yake hukopa sura ya jirani. Daraja la chuma la Coalbrookdale, Uingereza, la mwaka 1779, liliunganishwa kwa viungo vya useremala kwa sababu hiyo hiyo.

Mkopo huo ulikuja na riba. Chuma ndani ya saruji hulindwa na hali ya kialkali ya saruji yenyewe, lakini hewa ya kaboni hupenya taratibu kutoka nje, na ikikifikia chuma ulinzi hukoma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Husukuma, na saruji hubanduka. Unene wa tabaka linalokifunika chuma ndio huamua umri wa daraja. Sasa kishikio kilichofinyangwa mfano wa tawi ni chembamba, kina mikunjo inayoshika maji na kuvu, na mahali pa ufa wa gome bandia tabaka hilo huwa jembamba zaidi. Juu ya hayo, ufa wa kweli huonekana kama ufa wa kuchorwa. Mkaguzi huhitaji kutilia shaka kila kifundo. Ufundi uliolifanya daraja lisitambulike machoni mwa mtembezi uliyafanya maradhi yake yasitambulike machoni mwa tabibu wake.

Kutoka ladha hadi kanuni

Hifadhi za taifa za Marekani ndizo zilizoigeuza ladha hii kuwa kanuni ya serikali. Idara ya Hifadhi za Taifa iliundwa kwa sheria ya Agosti 1916, na barua ya sera ya mwaka 1918, iliyoelekezwa kwa mkurugenzi wake wa kwanza, Stephen Mather, iliagiza kwamba barabara, njia na majengo yalinganishwe na mandhari, na kwamba kazi hiyo isimamiwe na wataalamu wa mandhari. Charles Punchard aliajiriwa kuwa wa kwanza katika wadhifa huo; baadaye Thomas Vint alijenga ofisi kamili ya usanifu yenye makao San Francisco. Chini yao ulikua mtindo ambao hapa unaitwa wa kishamba: magogo mazito, mawe yasiyochongwa sana, paa zilizoinama, kazi inayoonekana kufanywa kwa mikono ya walowezi wa kwanza wenye zana chache.

Kufikia 1933 mtindo huo ulipata jeshi. Kikosi cha Uhifadhi wa Raia, kilichoundwa na serikali ya Franklin Roosevelt ili kuwapa vijana kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kiliandikisha takribani vijana milioni 3 hadi kilipovunjwa mwaka 1942. Vijana wengi hawakuwa mafundi, na wasimamizi walihitaji mifano ya kufuata. Mbunifu Albert H. Good alikusanya mifano hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1935, kisha katika toleo lililopanuliwa la majuzuu matatu la mwaka 1938, Park and Recreation Structures. Ndani yake vivuko na madaraja ya njia za miguu vina nafasi yao, kuanzia gogo moja lililochongwa upande wa juu hadi matao ya mawe.

Mwongozo wa Good ni maandishi yenye busara kuliko ulivyosifiwa na wafuasi wake. Good alijua kwamba kila jengo katika hifadhi ni uvamizi, na kwamba lililo bora ni lile ambalo pengine halikuhitajika kujengwa. Alionya dhidi ya mistari iliyonyooka kupita kiasi, dhidi ya mawe yaliyosimamishwa kinyume na tabaka zake za asili, na dhidi ya magogo membamba yanayoonekana kama vijiti mbele ya milima. Katika mandhari kubwa, alishauri, viungo vya jengo vinenepeshwe kupita hesabu ya uzito ili jengo lisionekane kichekesho. Ushauri huu ni wa jicho, na kwa jicho ni sahihi. Lakini kwa daraja una matokeo ambayo kwa kibanda cha kupumzikia hauna. Kibanda kilichonenepeshwa hukalia ardhi zaidi kidogo. Daraja lililonenepeshwa huingia mtoni: miguu yake huwa mipana, tao lake huwa fupi na zito, na mdomo wa kupitishia maji huwa mdogo.

Haikuwa lazima mambo yawe hivyo, kama linavyoonesha daraja moja la jimbo la Oregon lililotangulia miongozo yote hii. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao Simon Benson alitoa fedha za kujenga kivuko mbele ya maporomoko ya Multnomah, katika korongo la mto Columbia, wakati barabara kuu ya kitalii ilipokuwa ikijengwa bondeni. Kivuko hicho ni tao jembamba la zege la nondo, la urefu wa mita 14 hivi, lililotupwa kutoka mwamba hadi mwamba kati ya poromoko la juu na la chini. Halikuvikwa jiwe wala gome. Zege lake linaonekana kuwa zege. Hakuna mguu ndani ya maji. Miamba miwili ya basalti ndiyo inayolibeba, na maji hupita chini yake kama yalivyopita kabla. Inastahili kutajwa, kwa dhihaka kidogo, kwamba tajiri wa mbao alilipia zege. Januari 2014 jiwe liliporomoka kutoka juu na kuvunja sehemu ya kishikio; daraja lilifungwa, likakarabatiwa, likafunguliwa tena. Ni vigumu kupata picha ya maporomoko hayo isiyo na daraja hilo, na watazamaji wachache hulalamika.

Bonde la Yosemite

Kati ya miaka ya 1921 na 1933 madaraja ya barabara ya Bonde la Yosemite, California, yalijengwa upya. Manane kati yake yamo leo katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Karibu yote ni matao ya zege yaliyovikwa mawe ya itale yasiyolainishwa, yaliyochaguliwa yakiwa na hali ya kuchakaa ili yasing'ae kama jeraha jipya. Wahandisi wa ofisi ya barabara za umma waliyapigia hesabu, na wasanifu wa mandhari wa hifadhi wakayaidhinisha sura. Kwa kipimo cha kufanana ni miongoni mwa kazi bora kuliko zote zilizojengwa katika hifadhi za Marekani. Mtu akisimama ukingoni alasiri, mawe ya Sugar Pine, Ahwahnee na Stoneman huonekana kuwa ndugu wa miamba iliyoko juu yake.

Mto Merced, hata hivyo, si mfereji. Katika sakafu tambarare ya bonde hujipinda, huhama, hula ukingo mmoja na kujenga mwingine, na theluji inapoyeyuka hutanda malishoni. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika bonde kama hili mkondo wenyewe nao husafiri. Tao moja fupi lililopandwa mahali pamoja humwambia mto kwamba hapa ndipo atakapopita daima. Mto hujibu kwa namna zake. Maji ya mafuriko hubanwa mdomoni, hupanda nyuma ya daraja, huongeza kasi chini ya tao na kuchimba sakafu. Kingo za juu na chini ya daraja hulika. Karibu na Sugar Pine maji yaliyokosa njia yalianza kujikatia mkondo wa pembeni. Ili kulinda misingi na njia, kingo zilipangwa mawe ya kuzuia mmomonyoko, na kila jiwe lililopangwa liliongeza ugumu wa mto na kupunguza miti ya ukingoni.

Si haki kuyatwisha madaraja mzigo wote. Mwaka 1879 mlinzi wa bonde, Galen Clark, aliulipua kwa baruti ukuta wa mawe ulioachwa na barafu ya kale chini ya El Capitan, ili malisho yakauke, na mto ukaanza kujichimbia chini. Kwa miongo mingi magogo yaliyoanguka mtoni yaliondolewa kwa kuonekana uchafu, ingawa ndiyo yaliyokuwa yakiupunguzia mto kasi. Madaraja yalikuta mto uliokwisha kuguswa. Lakini yalikuwa kifaa kimoja kati ya vile vilivyouzuia kujiponya, na tofauti na magogo, hayakuweza kurudishwa au kuondolewa bila gharama na bila huzuni.

Mafuriko ya Januari 1997 yaliufunga Yosemite kwa zaidi ya miezi miwili na kulilazimisha swali. Merced ulikuwa umepewa mwaka 1987 hadhi ya kisheria ya mto wa mwituni wenye mandhari bora, hadhi inayodai mtiririko huru. Sheria ya kulinda mto na sheria ya kulinda majengo ya kihistoria zikakutana juu ya tao moja. Mapendekezo ya kuyabomoa baadhi ya madaraja yalipojitokeza katika maandalizi ya mpango wa mto, shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliyaweka madaraja ya bonde, mwaka 2012, katika orodha yake ya mahali 11 palipo hatarini zaidi nchini. Watetezi wa mto waliona jambo hilo kuwa la ajabu, kwamba kitu kilichojengwa ili kisionekane sasa kinadai kilindwe dhidi ya kile kilichokuwa kikijificha kwa ajili yake. Watetezi wa madaraja nao walikuwa na hoja isiyopuuzika: kazi ya mikono ya kizazi kile haiwezi kujengwa upya, na historia ya namna taifa lilivyozipenda hifadhi zake imeandikwa katika mawe hayo kuliko katika barua za sera.

Mpango uliopitishwa mwaka 2014 haukuyabomoa. Sugar Pine liliachwa, na hatua za kupunguza madhara yake zikaelekezwa kufanyiwa majaribio kwanza. Inaweza kusemwa kwamba uamuzi huo ni wa kuahirisha. Inaweza pia kusemwa kwamba ni wa kwanza katika historia hii kulipima daraja la hifadhi kwa tabia ya maji na kwa sura yake pamoja, katika waraka mmoja. Mwelekeo wa uthibitisho uliopo unaupendelea mto. Sugar Pine na Ahwahnee hazibebi tena magari; ni njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na mzigo huo ungeweza kubebwa na kivuko chepesi kinachovuka uwanda wote wa mafuriko bila kuukaba. Kivuko hicho, bila shaka, kisingefanana na mwamba wowote.

Viamala: jiwe linalobeba

Mfano wa mwisho unatoka katika korongo la Viamala, Uswisi, ambako mto Hinterrhein umekata njia nyembamba yenye kina kirefu na ambako njia ya miguu ya kale ilifufuliwa katika miaka ya 1990. Mhandisi Jürg Conzett alisanifu huko madaraja ya waenda kwa miguu yanayofundisha zaidi kwa pamoja kuliko moja moja.

La kwanza, Traversina, lilikamilika mwaka 1996. Lilikuwa la mbao na nyaya za chuma, lenye urefu wa mita 47, na kiunzi chake kilipimwa ili kiweze kubebwa na helikopta, kwa kuwa barabara haikufika pale. Viungo vya mbao vilivyokabiliwa na mvua vilipangwa viweze kubadilishwa kimoja kimoja. Kuoza kuliingizwa katika hesabu tangu siku ya kwanza, jambo ambalo wajenzi wa Ramble hawakulifanya. Lakini hesabu ilisahau, au haikuweza kujua, tabia nyingine ya mahali: mwaka 1999 mwamba uliporomoka na kulifagia daraja lote. Traversina la pili, la mwaka 2005, halikurudishwa pale pale. Lilihamishiwa mahali penye kinga zaidi katika korongo hilo, na kwa kuwa kingo mbili huko zinapishana kimo kwa mita 22, daraja lilifanywa ngazi inayoning'inia, yenye urefu wa mita 56. Umbo lake la ajabu halikutafutwa. Lilitokana na kumkimbia mwamba.

La Suransuns, la mwaka 1999, liko karibu na hapo na lina urefu wa mita 40. Ni utepe mwembamba unaolegea kidogo katikati. Bamba za jiwe la Andeer, linalochimbwa jirani, zimepangwa kwa kukingama moja baada ya nyingine juu ya tepe za chuma zilizokazwa, kiasi kwamba mawe yanabanana na kuwa kiungo kimoja kigumu. Kwa mtazamo wa juu juu hii ni kanuni ile ile ya Vint na Good: tumia jiwe la mahali. Tofauti iko katika kazi ya jiwe. Kule Yosemite jiwe ni vazi la zege. Likibanduliwa daraja litaendelea kusimama. Hapa jiwe limebanwa kati ya ncha na ncha na ndilo linaloufanya utepe usiyumbeyumbe. Likiondolewa hakuna daraja. Hakuna mguu mtoni.

Kuhusu chuma cha tepe, wasanifu walichagua chuma kisichoshika kutu cha aina iliyo sugu zaidi. Sababu haikuwa mto, wala mvua, wala ukungu wa korongo. Karibu na daraja hupita barabara kuu ya magari, na wakati wa baridi chumvi inayomwagwa juu yake ili kuyeyusha barafu hurushwa na magurudumu na kuangukia bondeni. Chumvi hiyo nayo ilihesabiwa kuwa sehemu ya mandhari.